Mashine ya mawimbi ya mshtuko kwa maumivu ya kano na misuli: mwongozo kwa kine na vituo vidogo vya Lubumbashi

Wenzangu wa kine (wataalamu wa tiba ya viungo) hapa mjini wakisikia habari za mashine hizi huuliza swali moja: ninunue ipi? Mimi swali hilo naliweka mwisho. Mashine ya bei kubwa ikipigwa kwenye maumivu yasiyo yake inabaki kelele tupu na pesa ya mgonjwa imepotea. Mashine ya kawaida, kwa mgonjwa aliyechujwa vizuri na anayefanya mazoezi yake, inaleta nafuu. Kwa hiyo tuanze na mgonjwa, dukani tutafika baadaye.

Mashine inafanya nini

Asili yake ni mawe ya figo. Kampuni ya ndege ya Dornier, huko Ujerumani, ilikuwa ikichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoumiza bati la ndege zinazokwenda kasi kuliko sauti, ikajikuta na mawimbi yanayopita ndani ya mwili na kuvunja kitu kigumu bila kupasua ngozi. Tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake walimtibu kwa mawimbi hayo mgonjwa wa kwanza wa mawe ya figo. Baadaye yalihamia kwenye mifupa iliyokataa kuunga, kisha kwenye kano. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza kwa maumivu ya kisigino.

Leo ziko za aina mbili. Ya kwanza hukusanya mawimbi yakutane mahali pamoja ndani ya mwili, hata kwenye kina cha sentimita 12. Ni ghali, na mara nyingi iko katika hospitali kubwa za nje. Ya pili ndiyo utakayoikuta kwetu, inaitwa ya radiali. Hewa iliyobanwa (au sumaku ya umeme) inarusha kipande kidogo cha chuma ndani ya bomba la pistole (kifaa unachoshika mkononi), kinagonga kichwa cha mbele, na pigo linaingia kwenye ngozi likisambaa. Nguvu yake kubwa iko pale pale juu, na ukipita sentimita 3 au 4 haibaki ya maana. Kwa haki ya fizikia hili ni wimbi la shinikizo tu, lakini wauzaji wote wanatumia jina moja. Kwa kisigino, kiwiko na kano zilizo karibu na ngozi, radiali inatosha. Kuanzia hapa ninaizungumzia hiyo.

Kwenye kano mapigo hayavunji chochote. Yanazichokoza seli zilizolala zianze tena kujenga, yanasaidia mishipa midogo ya damu kuota, na yanapunguza kemikali zinazobeba maumivu kwenye neva. Kazi hiyo inachukua wiki kadhaa. Mgonjwa anayetoka seansi (kikao cha matibabu) ya kwanza akisema amepona kabisa, mfurahie lakini usiandike chochote bado.

Hatua ya 1: Mchuje mgonjwa

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na wengi wanaparuka.

Wanaofaa ni wenye maumivu sugu ya kano, yaliyopita miezi mitatu, waliokwisha kujaribu mazoezi na kupunguza mzigo bila nafuu ya kutosha: utando wa unyayo chini ya kisigino, kano kubwa ya nyuma ya kisigino, kano iliyo chini ya goti kwa wacheza mpira, kiwiko cha upande wa nje, maumivu ya pembeni mwa nyonga, na bega lenye chokaa ndani ya kano. Mwenye kisigino kilichoanza kuuma wiki tatu zilizopita, mpe mazoezi ya kuvuta unyayo umrudishe nyumbani. Utafiti wa Wajerumani uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha hayo mawili kwa wagonjwa wapya wa kisigino, na mazoezi ya kuvuta yaliishinda mashine. Hayana bei.

Wasiofaa ni wengi kuliko matangazo yanavyokubali. Maumivu ya mgongo yanayoshuka na ganzi mguuni ni shida ya neva, mpeleke kwa daktari. Goti lililosagika la mama mzee halitapona kwa mapigo. Bega nalo nenda nalo taratibu: mapitio ya Cochrane (shirika linalojumlisha tafiti za tiba) ya mwaka 2020 kuhusu kano za bega yalikuta faida ndogo sana, hata palipokuwa na chokaa. Mimi bega nalipokea tu kama picha ya eksirei inaonyesha chokaa na mgonjwa ameelezwa wazi kwamba tunajaribu.

Kisha yako yanayokataza kabisa. Usipige mahali penye uvimbe wa saratani au unaoshukiwa kuwa saratani, penye maambukizi au kidonda, wala penye damu iliyoganda mshipani. Usipige tumbo, kiuno au nyonga ya mama mjamzito, na usipige juu ya mapafu, kichwa au uti wa mgongo. Mtoto anayekua usimguse karibu na ncha za mifupa, hata kama kocha anamtaka uwanjani Jumamosi. Mwenye dawa za kuyeyusha damu kama wafarini, au mwenye kifaa cha moyo, aje na barua ya daktari wake. Aliyechomwa sindano ya kotizoni pale pale, subiri angalau wiki sita.

Kwa mji wetu ninaongeza maswali matatu ambayo vitabu vya wenye mashine havina.

La kwanza ni selimundu. Kijana mwenye selimundu anayelalamikia mfupa anaweza kuwa katika mgogoro wa ugonjwa wake, au mfupa umeanza kufa au kuoza kwa maambukizi. Huyo si wako.

La pili ni homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Maumivu ya mgongo au ya nyonga yanayokuja na hayo matatu, fikiria kifua kikuu cha mifupa kwanza.

La tatu ndilo ninalolikazia: «Umekunywa sipro karibuni?» Siprofloksasini inamezwa hapa kama njugu, kila homa ya matumbo inatibiwa nayo, mara nyingi bila kipimo. Dawa za kundi hilo zinajulikana kuwa zinaharibu kano, hasa ile ya nyuma ya kisigino, na tangu 2008 Marekani inalazimisha onyo hilo liandikwe kwa nguvu kwenye maelezo ya dawa. Kano iliyolegezwa na sipro ukiigonga mara elfu mbili unaweza kuikata. Mgonjwa hatakuambia mwenyewe, maana haoni sipro na kisigino vinakutana wapi. Muulize kwa jina la dawa, mwambie alete kikaratasi cha famasia, na kama ameinywa miezi hii ya karibu, acha mashine.

Mwisho, mikono yako. Binya kisigino kutoka pande zote mbili kwa viganja: kikiuma sana, mfupa unaweza kuwa na ufa wa kuchoka, mpeleke apigwe picha. Mlaze kifudifudi, binya misuli ya ndama ya mguu: unyayo usiposogea, kano imekatika. Kwa utando wa unyayo, uchungu unakaa sehemu ya ndani ya kisigino, mbele kidogo, na unazidi ukimwinua kidole gumba. Mwiba wa mfupa unaoonekana kwenye picha usikusumbue. Watu wengi wanao na hawaumwi, na mashine haiuondoi.

Hatua ya 2: Kubaliana na mgonjwa kabla ya kuwasha

Baba mmoja anayeleta makala (mkaa) kwa baiskeli kutoka barabara ya Kasenga alifika na kisigino cha kulia. Yeye baiskeli haipandi, anaisukuma, magunia yamefungwa hadi juu ya kichwa chake.

«Asubuhi nikishuka kitandani, docta, niko natembea na vidole tu. Kisha inapoa. Magaribi inarudia.»

«Kwa sifuri mpaka kumi, asubuhi ni ngapi?»

«Inafika nane.»

«Na ukipumzika wiki mbili?»

Alicheka. Hilo lilikuwa jibu, na ndilo linaloamua mpango wote. Mtu wa namna hiyo hawezi kuacha kazi, basi mnakata mzigo: safari moja pungufu kwa wiki, gunia moja pungufu, viatu vyenye soli nene badala ya kandambili, kipande cha mpira laini chini ya kisigino. Mwambie mapema kwamba zitakuwa seansi tatu, moja kwa wiki. Kwamba itauma wakati wa kupigwa na pengine siku moja au mbili baadaye. Kwamba ngozi inaweza kuwa nyekundu au kuvia damu. Na kwamba hukumu inatolewa baada ya wiki 12. Andika ile nane kwenye fishi (kadi) yake. Bila namba hiyo hutajua mwishoni kama umemsaidia au umemzoea tu.

Mwambie pia bei ya seansi zote tatu pamoja. Anayelipa moja akaishia hapo amelipia theluthi ya kazi.

Hatua ya 3: Seansi yenyewe, kwa mfano wa kisigino

Mlaze kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. Tafuta kwa kidole gumba mahali panapouma zaidi, upatie alama kwa kalamu. Usitumie sindano ya ganzi. Imeonekana kwamba ganzi inapunguza matokeo, na mgonjwa aliyetiwa ganzi hawezi kukuongoza.

Paka jeli ya eko (ile ya kipimo cha ultrasaundi) kwa wingi. Pigo linahitaji njia isiyo na hewa. Jeli ikiwa haba au ikiwa na mapovu, nguvu inaishia kwenye ngozi na kuichubua. Jeli ikiisha dukani usiweke mafuta ya mgando, ahirisha. Kwenye unyayo mgumu wenye magaga, loweka na sugua kwanza.

Anza na bari 1.5 (bari ni kipimo cha shinikizo la hewa). Gusa, usikandamize, uzito wa pistole yenyewe karibu unatosha, ishike wima. Katika mapigo 300 ya mwanzo panda kidogo kidogo huku ukiuliza. Unatafuta maumivu ambayo mgonjwa anayaita tano au sita, anayoweza kuyavumilia akiongea. Wengi wanakaa kati ya bari 2 na 3. Tafiti zingine zimefika 4, lakini ziliwafikisha wagonjwa huko polepole. Zungusha kichwa cha pistole ndani ya duara dogo kama la sarafu, na mwambie mgonjwa aseme «hapo» unapopita penye uchungu anaoujua. Huko ndiko kwa kukaa.

Hezi 8, yaani mapigo 8 kwa sekunde, jumla mapigo 2,000. Ni sekunde 250, yaani dakika nne na kidogo. Usipandishe hezi ili umalize haraka, kwa kuwa kwenye mashine kadhaa nguvu ya kila pigo inashuka mwendo ukiongezeka, na skrini haikuambii. Ukimaliza kisigino unaweza kuongeza mapigo kadhaa kwa bari ndogo kwenye misuli ya ndama iliyokaza.

Kelele ni kubwa. Wewe unayeisikia kutwa nzima vaa vizibo vya masikio, na mpe mgonjwa pia.

Mkifika mwisho futa jeli, angalia ngozi, msimamishe atembee hatua chache, andika bari, hezi na idadi ya mapigo. Wiki ijayo utaanzia hapo, si kwenye kumbukumbu.

Sehemu nyingine kwa kifupi. Kiwiko: bari ndogo zaidi, kati ya 1.5 na 2.5, mkono umelazwa mezani, na jihadhari na neva inayopita upande wa ndani. Kano ya nyuma ya kisigino: piga pembeni mwa kano kuliko juu yake moja kwa moja, kwa mzee nenda chini zaidi, kwa maana kano kukatika baada ya matibabu haya kumewahi kuripotiwa, ingawa ni nadra. Pembeni mwa nyonga: mgonjwa alale ubavu, na kwa mtu mnene ujue radiali huenda isifike kabisa.

Hatua ya 4: Kati ya seansi na baada yake

Siku mbili za kwanza asibebe mzigo mzito wala kukimbia. Asimeze ibuprofeni wala diklofenaki, kwani uchokozi tulioufanya ndio dawa yenyewe na vidonge hivyo vinauzima. Akiumwa sana anywe parasetamoli.

Kisha mazoezi, na hapa sitanii. Kwa kano ya nyuma ya kisigino, utaratibu wa Håkan Alfredson wa Sweden wa mwaka 1998 bado unafaa: simama ukingoni mwa ngazi, inuka kwa miguu yote miwili, shuka polepole kwa mguu mgonjwa peke yake, mara 15, raundi 3, goti likiwa limenyooka, rudia goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba mazoezi hayo pamoja na mapigo yanafanya vizuri kuliko mazoezi peke yake. Kwa utando wa unyayo, weka taulo iliyokunjwa chini ya vidole, inuka kwa mguu mmoja kwa sekunde tatu, tulia mbili, shuka tatu, siku moja ndiyo, siku moja hapana, ukiongeza mzigo kwa mfuko wa shule wenye vitabu. Kwa nyumba zisizo na ngazi, tofali moja la kuchoma lililoegeshwa ukutani linatosha.

Mpigie simu wiki ya 6, muone wiki ya 12, uliza namba ileile ya asubuhi. Nane ikiwa tatu, mwache aendelee na mazoezi. Ikiwa bado saba, usimuuzie seansi ya nne na ya tano. Mrudishe kwa daktari, kwa sababu pengine mlianza na jina la ugonjwa lisilo sahihi.

Hatua ya 5: Sasa nunua

Za kompresa ya hewa zimefanyiwa utafiti mwingi zaidi. Ni nzito, zina kelele, na kompresa inataka kutunzwa. Za sumaku ya umeme ni nyepesi na rahisi, zinafaa kwa anayezunguka nyumba kwa nyumba, ila nyingi zinaonyesha milijuli (kipimo cha nishati) badala ya bari, na milijuli za kampuni moja si za nyingine. Ukienda na hizo, usinakili dozi za kwenye tafiti kwa kichwa, ongozwa na maumivu ya mgonjwa. Bastola za masaji zinazouzwa mtandaoni kwa jina la mawimbi ya mshtuko si kitu hiki hata kidogo.

Karatasi za kuomba: alama ya CE (ya kanuni za Ulaya) yenye tarakimu nne za shirika lililokagua (alama tupu bila tarakimu, kwa kifaa cha aina hii, ni ya kutilia shaka), ripoti ya usalama wa umeme ya IEC 60601-1 (IEC ni shirika la kimataifa la viwango vya umeme), na kama muuzaji anayo, vipimo vya IEC 63045, kiwango cha mashine hizi cha mwaka 2020. Akikupa «cheti cha usajili cha FDA» (mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani) chenye tai na muhuri wa dhahabu, kiweke kando. FDA yenyewe inasema haitoi vyeti vya namna hiyo, na kusajiliwa si kuidhinishwa.

Hakikisha ni ya volti 220, hezi 50. Zilizotumika zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za 120. Zungumza na wakala wa forodha kabla ya kulipa, si mzigo ukiwa mpakani Kasumbalesa. DGDA (forodha) na OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa) watataka faktura na karatasi za kiufundi, na kila siku ya kusubiri ina bei yake. Agiza pistole ifungwe peke yake kwenye sponji. Barabara inaua pistole kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Hatua ya 6: Umeme, vumbi na pistole

Usiunganishe moja kwa moja ukutani. Soma VA (kiasi cha umeme mashine inachovuta) kwenye kibandiko cha nyuma, nunua stabilizata yenye uwezo mara mbili, maana mota ya kompresa inavuta zaidi inapowaka. Ukitumia betri na inveta (kigeuza umeme wa betri), iwe ya wimbi safi. Delestaji (mgao wa umeme) ikikukuta katikati ya seansi, zima swichi kwanza, andika mapigo yaliyofika, kisha subiri dakika tano baada ya umeme kurudi. Pigo la umeme unaporudi ndilo linalochoma kadi ya ndani.

Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu linaingia hata mahali palipofungwa. Kompresa inavuta hewa ya chumba, basi chujio lisafishwe kila wiki msimu huo, na mashine isikae kwenye baraza. Mvua zikirudi, kazi inakuwa kumwaga maji yaliyojikusanya kwenye tangi la hewa.

Pistole inaliwa na kazi. Kipande cha chuma, bomba na pete za mpira huwa vya kubadilishwa baada ya mapigo milioni moja au mbili, kulingana na kampuni. Fanya hesabu kabla ya kupanga bei. Tuseme seti ya kubadilisha inakugharimu dola 800 pamoja na usafiri, na inadumu mapigo milioni moja. Kwa mapigo 2,000 hizo ni seansi 500, yaani dola 1.6 zinakufa ndani ya kila seansi, kabla ya jeli, kodi ya nyumba na mshahara wako. Ziweke kando siku hiyohiyo. Vituo vingi mashine yake haiharibiki. Pistole inachoka polepole, pigo linakuwa dhaifu, wagonjwa hawaponi, na lawama zinaangukia matibabu.

Ukitaka iliyotumika, mwombe muuzaji awashe mbele yako na akuonyeshe kihesabio cha mapigo, cha mashine na cha pistole, vyote viwili. Weka kiganja chako chenye jeli mbele ya kichwa kwa bari 2, kisha 3. Usiposikia tofauti, punguza kwenye bei thamani ya seti nzima ya pistole au uondoke. Na kihesabio kinachosoma sifuri kwenye mashine yenye mikwaruzo, hicho kimeguswa na mtu.